Vifaa vya kidijitali na watoto wa awali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wa madarasa ya awali, walezi wa vituo vya watoto wadogo na wazazi. Yanahusu watoto tangu wanapozaliwa hadi karibu miaka 6. Kwa "kifaa" tuna maana ya simu janja, kishikwambi, kompyuta, runinga, kamera, spika na hata vile viroboti vya kuchezea.

Mtoto aanze kutazama skrini akiwa na umri gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa Aprili 2019 unashauri kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini. Kuanzia miaka 2 hadi 4 muda huo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika tamko lake la 2016, hakiko mbali na hapo: chini ya miezi 18 hapana, isipokuwa simu za video na ndugu; miezi 18 hadi 24, vipindi vilivyochaguliwa kwa makini na mtu mzima akiwa amekaa hapo hapo; miaka 2 hadi 5, saa 1 kwa siku ya vipindi vizuri.

Watu hunukuu ile saa 1 na kuacha mengine yote. Mwongozo wa WHO unahusu siku nzima ya mtoto, na runinga ni sehemu ndogo tu. Unataka mtoto wa miaka 3 au 4 ajongee na kucheza dakika 180 kila siku, angalau 60 kati ya hizo zikiwa za kukimbia na kuhema. Alale saa 10 hadi 13. Na asifungwe kwenye kiti au mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo. Ukizitoa saa hizo, na za kula, kuoga na kuvaa, utaona mwenyewe kilichobaki. Skrini imewekewa mpaka kwa sababu huanza kwa kula muda wa kucheza, kisha huingia kwenye usingizi.

Hiyo saa moja ni ya nyumbani au ya shuleni?

Ni ya mtoto. Hana siku mbili, moja ya shule na nyingine ya nyumbani. Ushauri wetu kwa mwalimu ni apange kana kwamba saa yote imeshatumika nyumbani, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo. Usitumie muda wa darasa kuwaonyesha katuni, hata zenye kuhesabu na kuimba alfabeti. Hilo linaweza kufanyika popote bila mwalimu.

Kinachozungumzwa na WHO, hata hivyo, ni muda wa kukaa kitako mbele ya skrini. Mtoto anayezunguka uwanjani akipiga picha za vivuli hajakaa kitako, na sidhani kuna mtu mwenye akili timamu atakayemhesabia dakika hizo.

Mbona mtoto mchanga anakodolea video macho, halafu mnasema hajifunzi?

Kukodoa macho ni jambo moja na kujifunza ni jingine. Picha inayobadilika kila mara humvuta mtoto atake asitake.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa miezi 9 waliokuwa wakikulia kwenye Kiingereza, wakawaleta kwa wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin kwa vikao 12 vya kucheza na kusomewa vitabu. Watoto hao wakaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao hawakuzitambua. Kundi jingine likapata wazungumzaji wale wale na maneno yale yale, ila kupitia video au sauti peke yake. Hawakuambulia kitu.

Utafiti wa Judy DeLoache na wenzake wa mwaka 2010 unachekesha kidogo. Watoto wa miezi 12 hadi 18 walionyeshwa kwa wiki nne video iliyokuwa ikiuzwa kama ya kufundisha msamiati. Mwishoni hawakujua maneno zaidi ya wale ambao hawakuiona kabisa. Waliofanya vizuri zaidi ni watoto ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno yale na kuambiwa wayafundishe wapendavyo katika shughuli za kawaida za siku. Na wazazi waliokuwa wameipenda ile video ndio walioamini zaidi kwamba watoto wao wamejifunza. Mwalimu anayeambiwa na mzazi "huyu wangu kajifunza yote kwenye simu" alikumbuke hilo, bila kumbishia mzazi sana.

Sababu ni kwamba mtoto wa umri huo hujifunza kwa kujibizana. Anaelekeza kidole, wewe unakitaja. Anatamka nusu neno, wewe unalimalizia. Anatazama pembeni, wewe unageuka kuangalia anachokiona. Video haimsubiri wala haimwoni.

Basi hata kumpigia bibi simu ya video ni kosa?

Hapana. Bibi anamwona na anamjibu. Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyezungumza nao moja kwa moja kupitia simu ya video sawa na kwa mtu aliyekuwa mbele yao, lakini hawakujifunza kutoka kwenye video iliyorekodiwa. Awepo tu mtu wa kushika simu na kumweleza mtoto kinachoendelea, la sivyo bibi ataishia kuzungumza na dari.

Darasani kifaa kitumike kwa kazi gani hasa?

Hapa tuna msimamo. Katika darasa la awali, kifaa chenye manufaa makubwa kuliko vyote ni kamera, kikifuatiwa na kinasa sauti. Kishikwambi au simu ya kawaida ina vyote viwili ndani yake, bila kununua programu yoyote na mara nyingi bila hata intaneti. Michezo ya kugusa-gusa ije baadaye, au isije kabisa.

Chukua kivuli cha nguzo moja uwanjani. Watoto wanakipiga picha asubuhi, wanakipiga tena saa nne, na tena kabla ya kwenda nyumbani, wakisimama mahali pale pale. Kisha mnaziweka picha tatu pamoja na kuuliza kilichotokea. Mtoto wa miaka 5 hawezi kukumbuka urefu wa kivuli cha asubuhi. Picha inamkumbukia, na yeye anabaki na kazi ya kufikiri. Kesho yake mnakwenda na chaki kuchora kivuli chini. Kifaa kimerudi kabatini na somo linaendelea.

Au mbegu iliyopandwa kwenye kikopo. Picha moja kila siku, kutoka sehemu ile ile, kwa wiki mbili, halafu mnazipitisha haraka haraka: mmea unainuka mbele ya macho yao. Video ya mwendo wa taratibu inaonyesha tone la maji likianguka, jambo ambalo jicho haliliwahi. Mtoto akijenga mnara wa vipande vya mbao, apige picha kabla haujabomolewa kupisha usafi. Mara nyingi hilo peke yake humaliza kilio cha "usibomoe!"

Kinasa sauti nacho hakithaminiwi inavyostahili. Mtoto anasimulia hadithi, anasikiliza sauti yake, anashangaa, anasema "hapo nimesahau simba", anarekodi tena. Amehariri kazi yake kabla hajajua kuandika. Kwa mtoto mwenye lugha nyingine nyumbani, rekodi ya mama yake akisoma au akiimba katika lugha hiyo huileta darasani lugha ambayo mwalimu haijui. Na kwa mwalimu mwenyewe, rekodi ya Januari na ya Juni za mtoto mmoja zinaonyesha ukuaji wa lugha wazi kuliko alama yoyote ya vema kwenye jedwali.

Angalia mifano yote hiyo: kitu halisi kilikuwepo kwanza, kifaa kikaja kusaidia kukitazama, na mazungumzo yakafuata. Shughuli inayoanza na kuishia ndani ya skrini iangaliwe kwa shaka.

Tuna kifaa kimoja na watoto wengi. Tufanyeje?

Kimoja ni neema. Vikiwa vingi, kila mtoto huinamia chake na darasa hunyamaza, na ukimya katika darasa la awali si dalili njema. Toa kifaa kwa watoto wawili au watatu wenye kazi moja: mmoja anapiga picha, mmoja anachagua cha kupiga, mmoja anaeleza. Wengine wanaendelea na mchanga, rangi na vipande vya mbao. Zamu zionekane, mfano kwa majina yaliyobandikwa ukutani yanayosogezwa, ili usiwe wewe wa kuamua kila dakika.

Projekta ukiwa nayo, itumie pia bila picha. Mwanga wake na kitambaa cheupe vinatosha kwa mchezo wa vivuli.

Nitajuaje kama programu ya watoto inafaa?

Neno "elimu" kwenye maelezo ya programu halina mlinzi. Yeyote anaweza kuliandika. Hirsh-Pasek na wenzake mwaka 2015 walipendekeza mambo manne ya kuangalia: mtoto awe anafikiri na si kugonga tu, asivurugwe na mambo ya pembeni, anachojifunza kihusiane na maisha yake, na kimpe nafasi ya kushirikiana na mtu. Ongezea kuwe na lengo la kujifunza linaloeleweka. Programu nyingi zinaangukia kwenye lile la kuvurugwa: kila jibu sahihi linafuatwa na fataki, nyota, kengele na mnyama anayecheza, mpaka mtoto anagonga kwa ajili ya fataki.

Kabla hujaiweka mbele ya mtoto, icheze mwenyewe hadi mwisho. Kosea makusudi uone inakujibu nini. Ikikupa nafasi ya kujaribu na kuelewa, vizuri. Ikipiga tu kengele ya kosa mpaka ubahatishe jibu, ifute. Zima intaneti uone kama bado inafanya kazi. Tafuta matangazo, vitufe vya kununua, na mhusika anayelia au kununa mtoto anapotaka kutoka. Ukiona huyo mhusika anayenuna, huna haja ya kuendelea kuchunguza.

Vitabu vya kielektroniki ni sawa na vya karatasi?

Inategemea kilichotiwa ndani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus (2015) ulikuta kwamba picha zinazojongea na sauti zinazoendana na hadithi huwasaidia watoto kuielewa, ila michezo na sehemu za kubofya zilizopachikwa katikati ya kurasa huwatoa kwenye hadithi. Chagua chenye hadithi, zima sauti ya msomaji wa ndani, usome mwenyewe. Mtoto ukimsikia anasema "subiri nibonyeze" kuliko "halafu ikawaje", rudi kwenye karatasi.

Kuandika herufi kwa kidole kwenye skrini kunatosha?

Hakutoshi. Karin James na Laura Engelhardt (2012) waliwapima watoto wa miaka 5 ambao hawajajua kusoma. Baada ya kuandika herufi kwa mkono bila kufuatisha, sehemu za ubongo zinazohusika na kusoma ziliamka walipoziona herufi hizo. Baada ya kuzipiga kwenye kibodi au kufuatisha mistari yenye nukta, haikuwa hivyo. Herufi ya mtoto inapotoka imepinda, kubwa, wakati mwingine imegeuka, ndipo anapoifahamu. Programu nyingi za herufi ni za kufuatisha mistari. Kidole kwenye mchanga, chaki sakafuni na penseli nene vinabaki palepale.

Mtoto wa miaka 4 anaweza kujifunza kuandika programu za kompyuta?

Anaweza kujifunza kupanga hatua, kuzijaribu na kurekebisha iliyokosewa. Si wazo jipya. LOGO, lugha ya kuandikia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, ni ya mwaka 1967, na baadaye iliongoza kiroboti cha sakafuni kilichoitwa kobe. Miaka ya 1970 Radia Perlman, akiwa katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, akaunda vitufe na kadi za kumwongoza kobe huyo kwa watoto wa chekechea ambao hawajui kusoma. (Ndiye yule yule ambaye baadaye alibuni njia inayozuia taarifa kuzunguka bila mwisho kwenye mitandao ya kompyuta.) Siku hizi kuna viroboti vya vitufe vya mishale na vingine vya vipande vya mbao, vyote bila skrini, na kuna programu ya ScratchJr ya mwaka 2014, iliyokusudiwa watoto wa miaka 5 hadi 7.

Anza bila kifaa. Mtoto mmoja awe roboti, mwingine amwelekeze: hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua moja. Roboti akigonga meza, nani kakosea, roboti au aliyemwelekeza? Ubishi utakaozuka hapo ndio somo lenyewe.

Runinga ikiwa imewashwa tu, hakuna anayeitazama, ina shida?

Ndiyo. Tafiti za 2008 na 2009 zilikuta kwamba runinga ya pembeni hukatisha michezo ya watoto wadogo na kupunguza mazungumzo kati yao na wazazi. Izimwe. Hali kadhalika simu ya mwalimu: iliyowekwa mezani inaita macho kila inapowaka.

Tukimwambia muda umeisha anajitupa chini. Dawa ni nini?

Onyo la "dakika mbili zimebaki" halifanyi kazi kama tunavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliofuatilia familia zenye watoto wadogo (2016) waligundua kwamba baada ya onyo hilo watoto walisumbua zaidi. Kilichosaidia ni kuacha mahali penye mwisho wa kawaida: kipindi kimeisha, picha zimetosha tano, ukurasa umefika mwisho. Kwa hiyo zima kile kipengele cha video kuanza yenyewe moja baada ya nyingine, na mwambie mwisho kabla hajaanza: "Hii moja, halafu tunatoka nje." Mtoto azime mwenyewe. Na kitu kinachofuata kiwe tayari, si "kaa hapo usubiri".

Kwa wazazi, zaidi ya hapo: msimpe simu kila anapolia ili anyamaze. Atanyamaza, lakini hajifunzi kutulia mwenyewe, na kesho atailia hiyo simu.

Naweza kutuma picha za watoto kwenye kundi la wazazi?

Za mtoto wake kwa mzazi wake, kwa idhini, ndiyo. Za watoto wote kwa wazazi wote, fikiri tena. Picha ikishaingia kwenye kundi imetoka mikononi mwako. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unampa mtoto haki ya faragha, na mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla Namba 25 kufafanua kwamba haki hizo zinamfuata hadi mtandaoni.

Kiutendaji: pata idhini ya maandishi, na mzazi anayekataa asisumbuliwe wala mtoto wake asitengwe. Piga picha za mikono inayofinyanga kuliko za sura. Zima kipengele cha kurekodi mahali kifaa kilipo kwenye mipangilio ya kamera, maana picha huweza kubeba anwani ndani yake. Usitumie simu yako binafsi kama kuna ya kituo. Picha ya mtoto akilia, akiadhibiwa au akiwa nusu uchi isipigwe kabisa, haijalishi inachekesha kiasi gani. Na mwulize mtoto: "Tumwonyeshe mama?" Wa miaka 4 anaweza kusema hapana, na hapana yake iheshimiwe.

Spika zinazojibu maswali na akili mnemba, je?

Kwa mwalimu kupata mawazo ya shughuli au hadithi fupi, sawa, mradi asome kila neno kabla ya kulipeleka darasani na asiingize majina au taarifa za watoto. Kumwacha mtoto mdogo azungumze na mashine peke yake, hapana. Mashine hujibu kwa uhakika hata inapokosea, na mtoto hawezi kuipima. Pia husikiliza na kuhifadhi: mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani kumaliza madai kwamba ilikuwa ikishikilia rekodi za sauti za watoto zilizochukuliwa na Alexa, msaidizi wake wa sauti anayejibu maswali. Wanasesere wanaoongea kwa intaneti wamo katika kundi hili hili.

Macho, masikio, usingizi?

Kutazama karibu kwa muda mrefu huchosha macho. Kucheza nje kwenye mwanga wa jua hupunguza uwezekano wa mtoto kuanza kutoona mbali. Skrini zizimwe saa nzima kabla ya kulala. Vipokea sauti vya masikioni viwe vyenye kikomo cha ukubwa wa sauti. WHO na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano huweka desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki kama kipimo cha watoto.

Hatari kubwa kuliko hizo zote haipo kwenye skrini. Ni betri ndogo za duara kama kitufe, zilizomo kwenye rimoti, vitabu vya kuimba na vichezeo. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani katika saa 2 tu. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu, na ukishuku mtoto kameza, usimtapishe wala usisubiri dalili: hospitali hapo hapo.

Nina mtoto asiyeongea anayetumia kishikwambi kuwasiliana. Naye nimhesabie saa moja?

La. Hiyo ni sauti yake. Hakinyang'anywi kama adhabu, hakifungiwi kabatini wakati wa mapumziko, na hakitumiwi na wengine kwa michezo. Wafundishe wenzake kumsubiri amalize kubonyeza, na wewe mwenyewe utumie alama zile zile unapozungumza naye, kwa sababu hakuna anayejifunza lugha ambayo hakuna mtu mwingine anayeitumia.

Hatuna kifaa chochote. Watoto wetu wataachwa nyuma?

Kwa umri huu, hapana. Kugusa skrini hujifunzwa kwa siku chache. Kusimulia, kuhesabu vitu halisi, kusubiri zamu na kuuliza "kwa nini" huchukua miaka. Uswidi, ambako vifaa vya kidijitali vilikuwa vimeingizwa kwenye mtaala wa chekechea, serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba inataka kuuondoa ulazima huo. Mzazi anayedai "darasa la kompyuta" mwonyesheni rekodi, michoro na maneno ya mtoto wake. Mkipata fedha kidogo, nunueni vitabu kwanza, kisha simu moja yenye kamera nzuri na kasha gumu.

Kifaa cha darasa kisafishwe vipi?

Kizimwe, kitolewe kwenye chaja, kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usikinyunyizie maji wala dawa moja kwa moja. Angalia kwanza mtengenezaji anaruhusu nini. Watoto wanawe mikono kabla na baada ya kukitumia, na kichajiwe mahali wasipofika.